Kufuga samaki wa bahari nyumbani: Makosa yanayoua samaki kabla mwezi haujaisha

Ijumaa jioni tangi linashushwa kwenye kirikuu. Jumamosi linawekwa mchanga, mawe na maji, taa ya bluu inawashwa, picha zinapandishwa 'status'. Jumapili wanaingia samaki watano wa rangi. Jumatano mmoja anaonekana akihema juu juu karibu na uso wa maji. Alhamisi wawili wanaelea. Wiki ya pili tangi ni tupu na mwenye tangi anamlalamikia muuzaji kwamba alimpa samaki wagonjwa.

Mara nyingi samaki hao hawakuwa wagonjwa hata kidogo. Waliingizwa kwenye maji ambayo hayakuwa tayari kubeba kiumbe chochote.

Ufugaji wa samaki wa mapambo wa maji chumvi una sifa ya kuwa mgumu na wa matajiri. Hela unakula kweli, hilo halina ubishi. Lakini ugumu wake si ule ambao wengi wanaufikiria. Shida kubwa ni haraka, hasa kwa mtu aliyezoea samaki wa dhahabu au gapi, ambaye anadhani tofauti pekee ni kuongeza chumvi.

Kwa nini samaki wa bahari hawavumilii

Mto hubadilika kila siku. Mvua ikinyesha unajaa tope, kiangazi kikija unakauka, na samaki wake wamezoea misukosuko hiyo. Kwenye miamba ya bahari mambo ni tofauti. Chumvi hukaa karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji mwaka hadi mwaka, pH huwa jirani na 8.1, na joto la maji ya pwani ya Afrika Mashariki hupanda na kushuka taratibu kati ya nyuzi 25 na 30 hivi, kwa miezi, si kwa saa.

Kwa hiyo samaki aliyezaliwa huko hajawahi kuhitaji kuvumilia mabadiliko ya ghafla. Ukimhamishia kwenye lita 60 za maji sebuleni, kila kosa dogo linamfikia siku hiyo hiyo.

Kosa la kwanza na la gharama zaidi: samaki kutangulia bakteria

Hili ndilo lililoua samaki wa Jumapili hapo juu.

Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua yake, na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Baharini amonia hiyo hupotea kwenye maji mengi. Ndani ya tangi haina pa kwenda. Inabaki pale pale, na samaki anaogelea kwenye uchafu wake mwenyewe mpaka matamvua yanaungua.

Kinachookoa tangi ni bakteria wanaoota juu ya mawe, mchanga na chujio. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Majina yanafanana lakini ni vitu viwili tofauti: nitrati ndiyo isiyo na madhara makubwa ikiwa kwa kiasi kidogo, na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua wiki tatu hadi sita kuzaliana, na wakati mwingine zaidi. Hapo hakuna njia ya mkato ya uhakika. Bakteria wa kwenye chupa wanaouzwa madukani wanaweza kupunguza muda, lakini hawaondoi haja ya kupima.

Kuna jambo ambalo wanaotoka kwenye maji baridi huwa hawalijui. Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja ikiwa na sumu kali na nyingine nafuu, na pH ndiyo inayoamua ipi itakuwa nyingi. Kwenye tangi la maji baridi lenye pH 7, sehemu yenye sumu kali ni ndogo mno. Kwenye pH ya 8.2, ambayo ndiyo ya tangi la bahari, sehemu hiyo huongezeka zaidi ya mara kumi. Yaani kiasi kile kile cha amonia ambacho samaki wa dhahabu angekivumilia kinaweza kummaliza samaki wa mwamba.

Njia inayofaa ni kuandaa tangi bila samaki. Pampu na hita vinawashwa, mawe yanawekwa, halafu kinatiwa kitu cha kuzalisha amonia: chakula kidogo cha samaki kila siku, au kamba mmoja mbichi anayeachwa aoze ndani ya soksi nyepesi ili mabaki yatolewe kirahisi. Ndiyo, harufu ipo. Kila baada ya siku mbili tatu maji yanapimwa kwa vipimo vya matone. Amonia itapanda, kisha itashuka huku nitriti ikipanda, halafu nitriti nayo itashuka na nitrati itajitokeza. Tangi liko tayari pale ambapo amonia ikiongezwa kidogo, siku inayofuata amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Baada ya hapo sehemu kubwa ya maji inabadilishwa ili kupunguza nitrati, na samaki wa kwanza anaingia.

Samaki wa kwanza, si samaki wote. Bakteria waliopo wanatosha mzigo uliopo tu. Mmoja au wawili wanaingia, wiki mbili tatu zinapita, maji yanapimwa tena, ndipo mwingine anaongezwa. Anayejaza tangi kwa siku moja anaanza upya safari ile ile ya amonia, safari hii samaki wakiwa ndani.

Bado wapo wauzaji wanaoshauri kununua samaki wagumu wa bei nafuu ili watumike kuanzisha tangi. Ushauri huo ni wa zamani na una kasoro mbili. Samaki anateswa bure, na akinusurika huwa ameshajimilikisha tangi zima. Samaki wadogo wa jamii ya damseli, ambao ndio hutumika sana kwa kazi hii, ni wakorofi ajabu na huwashambulia wote wanaokuja baada yao.

Chumvi ya jikoni haitengenezi bahari

Kwa aliyeko Dodoma, Nairobi au Kampala, bahari inakuja ndani ya ndoo ya unga. Hapa ndipo wengine hujaribu kubana matumizi kwa chumvi ya dukani.

Sodiamu na kloridi, yaani chumvi ya kawaida, ni kama asilimia 85 ya chumvi yote iliyomo baharini. Zile 15 zinazobaki ni magnesi, kalsiamu, salfeti, potasiamu, bikaboneti na vingine vingi kwa vipimo vidogo. Bila hivyo pH haitulii na matumbawe hayawezi kujenga mifupa yao.

Hata chumvi ya mawe inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani haifai, ingawa imetoka baharini moja kwa moja. Maji ya bahari yanapokauka kwenye mabwawa, madini hayagandi kwa pamoja. Yenye kalsiamu hutangulia kutuama, kisha chumvi, na magnesi nyingi hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Mkulima wa chumvi anavuna alichokitaka, ambacho ni chumvi ya kula. Inayohitajika kwenye tangi ni chumvi iliyotengenezwa maalumu kwa matangi ya bahari.

Maji ya kuchanganyia nayo yana mambo yake. Ya bomba huwa na klorini. Ya kisima yanaweza kubeba nitrati, chuma au, kama ilivyo sehemu za Arusha na Bonde la Ufa, floraidi nyingi. Dar es Salaam kuna mkanganyiko wa ziada: visima vingi hutoa maji ambayo watu huyaita 'ya chumvi', na mtu anaweza kudhani ameokoa gharama. Maji hayo si ya bahari, na chumvi zake haziko kwenye uwiano unaotakiwa. Salama ni maji yaliyochujwa kwa mashine za RO, aina ile ile inayotumika kwenye vituo vingi vya kuuza maji ya kunywa, mradi muuzaji hajarudishia madini baada ya kuchuja.

Chumvi inamiminwa kwenye maji, si maji kwenye chumvi, na inachanganywa ndani ya ndoo yenye pampu kwa saa kadhaa, kamwe si ndani ya tangi lenye viumbe. Kipimo cha plastiki chenye mkono unaocheza hudanganya, kwa sababu povu dogo likiganda kwenye mkono huo huuinua na kusoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Refraktomita ni bora, ikisahihishwa kwa maji maalumu ya kiwango cha 35 na si kwa maji matupu peke yake.

'Bahari si ipo hapo tu?'

Mkazi wa Mombasa, Tanga, Dar au Unguja ana bahati ambayo mfugaji wa Ulaya angeilipia. Maji ya bahari ya kweli, bure. Na kwa kweli yanafaa, ila si kila maji na si kila siku.

Maji ya karibu na bandari hubeba mafuta na rangi za meli. Maji ya midomo ya mito na hori ni mchanganyiko wa chumvi, tope na majitaka. Dar es Salaam, Mto Msimbazi unaingia baharini jirani na Daraja la Selander, na wakati wa masika ukipita pale hata rangi ya bahari inaonyesha. Mombasa, hori za Tudor na Kilindini zina hadithi inayofanana. Ndoo iliyochotwa sehemu kama hizo inaweza kuwa na chumvi pungufu na bakteria wa choo.

Wanaojua huchota wakati maji yamejaa, hasa siku za bamvua, maana ndipo maji safi ya bahari kuu yanasukumwa mpaka pwani. Huchota ufukwe ulio wazi, mbali na mto, na huacha siku kadhaa zipite baada ya mvua kubwa. Anayeweza kupata maji kutoka nje ya mwamba kwa msaada wa mvuvi mwenye boti amefanya vizuri zaidi. Madumu yawe ya plastiki ambayo hayajawahi kubeba sabuni, petroli wala mafuta ya kula.

Kisha linakuja kosa ambalo hata wakazi wa pwani hufanya: kuyamimina moja kwa moja. Maji ya bahari yana uhai, yaani vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vikifungiwa kwenye dumu la moto vinakufa na kuoza, na maji yaliyochotwa safi asubuhi yanaweza kuwa na amonia siku chache baadaye. Ndiyo maana huchujwa kwa kitambaa kizito au soksi ya chujio, hukaa gizani kwa wiki moja hadi mbili huku hewa ikipulizwa, na hupimwa kabla ya kutumika.

Maji yanapungua, chumvi haipungui

Hili linawachanganya wengi. Maji ya tangi yanapokauka, kinachoondoka ni maji matupu. Chumvi yote inabaki. Kwa hiyo tangi likipungua, linajazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Anayejaza kwa maji ya bahari anaongeza chumvi juu ya chumvi.

Hesabu yake ni rahisi. Tangi la lita 40 lililoanza na kiwango cha 35 likipoteza lita 4 kwa siku chache, kiwango kinafika karibu 39. Tangi la lita 200 likipoteza lita 4 hizo hizo halifiki hata 36. Tangi kubwa hupoteza maji zaidi kwa kuwa uso wake ni mpana, lakini bado linabadilika taratibu.

Ndiyo sababu ushauri wa 'anza na kadogo kwanza ujifunze' hugeuka mtego. Tangi dogo ni rahisi kununua na gumu kulitunza. Wengi wenye uzoefu hushauri kuanzia lita 100 na kuendelea, na 200 ikiwezekana.

Mambo ya fundi

Tangi la lita 200 lina zaidi ya kilo 200 za maji peke yake. Ongeza kioo, mchanga na mawe, uzito unapita kilo 250, sawa na watu wanne waliosimama sehemu moja bila kuondoka. Meza ya televisheni haijatengenezwa kwa kazi hiyo. Stendi isiyolala sawasawa hupinda kioo taratibu mpaka kona moja inaachia, mara nyingi usiku.

Matangi mengi hapa nyumbani hutengenezwa na mafundi wa vioo wa mtaani, na wapo wazuri sana. Kitu cha kuuliza ni silikoni. Ile ya bafuni na madirisha mara nyingi imetiwa dawa ya kuzuia kuvu, na dawa hiyo huvujia majini na kudhuru samaki. Tangi linataka silikoni ya matangi ya samaki. Vifaa vya shaba na vya shaba nyeupe pia havitakiwi kugusa maji, kwa sababu shaba kidogo tu inaua kamba, konokono na matumbawe. Stendi ya chuma isiyopakwa rangi vizuri itakula kutu mapema kuliko mtu anavyodhani.

Umeme ukikatika

Maji ya bahari hushika hewa kidogo kuliko maji baridi. Kwenye joto la nyuzi 26, oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Pampu ikisimama, uso wa maji unatulia, hewa mpya haiingii, na bakteria wale wale waliotafutwa kwa wiki sita wanaendelea kushindana na samaki kwa oksijeni iliyobaki. Tangi lililojaa samaki linaweza kuwa hatarini ndani ya saa chache.

Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni miongoni mwa vifaa vya kwanza kununua, kabla ya taa ya kupendeza. Ikikosekana, ipo njia ya mwaka 1846. Anna Thynne, mke wa kasisi, alisafirisha matumbawe hai kutoka Torquay, pwani ya Uingereza, mpaka London, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kufanikiwa kuweka viumbe wa bahari nyumbani kwa muda mrefu. Umeme haukuwepo. Mfanyakazi wake wa ndani alipewa kazi ya kumimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi kila siku, ili yapate hewa. Jagi la jikoni linafanya kazi hiyo hiyo leo: chota, inua, mwaga kutoka juu, rudia. Historia haikumtunza jina mfanyakazi huyo, ingawa kazi ilikuwa yake.

Joto nalo lina mambo tofauti kulingana na mji. Nairobi mwezi Julai tangi bila hita litapoa kupita kiasi. Dar es Salaam mwezi Februari shida ni kinyume: chumba kikifika nyuzi 32 tangi linafuata, na taa na pampu zinaongeza joto juu yake. Feni ndogo inayopuliza uso wa maji hushusha nyuzi mbili tatu, ila maji yanakauka haraka zaidi na kujazia kunahitajika kila siku. Matumbawe ndiyo hulipa kwanza. Joto likikaa nyuzi moja au mbili juu ya kawaida kwa wiki kadhaa hupauka, na ndicho kilichoikumba miamba mingi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 1998.

Tahadhari moja isiyohusu samaki: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Waya unatakiwa uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuiingia, ili tone linaloteremka lidondoke sakafuni. 'Extension' iliyolazwa chini ya tangi ni ajali inayosubiri siku yake.

Kununua samaki kwa macho

Filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 iliwapa watu hamu ya samaki wawili. Mmoja anafaa kwa anayeanza, mwingine hafai.

Yule wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, Amphiprion ocellaris, ni mgumu, hula vizuri na huzalishwa kwenye matangi, hivyo hakuna haja ya kumtoa baharini. Kwao si huku. Pwani ya Afrika Mashariki ina ndugu zake, kama Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos. Na kinyume na filamu, haihitaji anemoni ili aishi. Anemoni mwenyewe anataka mwanga mkali na tangi lililokomaa kwa miezi mingi, na akifa ndani ya tangi dogo anaweza kuchafua maji yote.

Yule wa bluu, Paracanthurus hepatus, wa jamii ya kangaja, huuzwa akiwa saizi ya kidole gumba na hukua mpaka sentimita 30 hivi. Kumweka kwenye tangi la sentimita 60 ni kama kufuga mbuzi kwenye kabati. Binamu yake wa Bahari ya Hindi, Acanthurus leucosternon, mwenye bluu ya kuvutia na pezi la njano mgongoni, huwashinda hata wazoefu. Ni mkali na hushikwa na magonjwa upesi.

Halafu wapo wanaokufa njaa chakula kikiwa mbele yao. Baadhi ya samaki kipepeo, kwa mfano Chaetodon trifasciatus, hula matumbawe hai tu. Labroides dimidiatus, yule mdogo mwembamba anayesafisha wenzake, huishi kwa kula vijidudu vya miili ya samaki wengine, na samaki wanne wa sebuleni hawawezi kumshibisha. Swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa hela ni moja: huyu anakula nini, na anaweza kuonyeshwa akila sasa hivi? Samaki asiyekula dukani hatakula nyumbani.

Karantini inayorukwa na kila mtu

Vidoto vyeupe kama chembe za chumvi mwilini ni dalili ya Cryptocaryon irritans, kimelea wa kawaida mno kwa samaki wa bahari. Samaki mmoja mpya anamleta, wiki mbili baadaye tangi zima linaugua. Kinachodanganya ni kwamba vidoto hupotea vyenyewe siku chache baadaye. Mwenye tangi anafurahi, kumbe kimelea ameshuka mchangani kuzaliana na anarudi na jeshi.

Dawa ya shaba inamuua, lakini inaua pia kila kisicho samaki, na mawe yakishainyonya ni vigumu kuitoa. Kwa hiyo haiwekwi kwenye tangi kuu. Samaki mpya anakaa kwanza wiki nne au zaidi kwenye tangi dogo tupu lenye chujio na kipande cha bomba la plastiki cha kujificha. Ni kero, na ni bei rahisi kuliko kuzika samaki wote.

Mawe ya bahari na matumbawe

Mawe yenye bakteria ndani yake ndiyo moyo wa tangi, na kishawishi cha kwenda kuyaokota kipo. Kenya, hifadhi za bahari za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite haziruhusu kuchukua kitu. Dar es Salaam, visiwa vya Mbudya na Bongoyo wanakokwenda watu kuogelea wikendi vimo ndani ya maeneo tengefu ya bahari. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa hata kama ni kipande kimoja kwenye begi. Mawe makavu yanatosha kabisa. Bakteria watahamia wenyewe zile wiki za kusubiri.

Onyo jingine halisemwi vya kutosha: mawe yaliyotoka baharini hayachemshwi jikoni. Baadhi ya viumbe wanaoota juu yake, hasa wa jamii ya Palythoa, wana sumu kali iitwayo palitoksini, na mvuke wake umewahi kupeleka familia hospitali.

Ukungu wa kahawia na mkono wa chakula

Wiki za mwanzo mchanga hugeuka kahawia. Wengi huchanganyikiwa na kumwaga dawa. Ni mwani mdogo wa hatua ya kwanza, na kwa kawaida huondoka bila kufanywa chochote. Ukijani ukifuata, sababu huwa mbili: taa inawaka mno (saa nane zinatosha, na tangi lisiwe dirishani) au chakula kingi. Chakula kiwe kile kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Wageni na watoto ndio hulisha mara ya tatu na ya nne, kwa nia njema.

Ukiamua kuacha

Wengi huacha ndani ya mwaka mmoja, na si aibu. Kosa la mwisho hufanyika siku hiyo, pale mtu anapowabeba samaki na mimea mpaka ufukweni na 'kuwarudisha nyumbani'.

Mwaka 1984 mwani aina ya Caulerpa taxifolia ulionekana baharini chini ya Jumba la Makumbusho ya Bahari la Monaco, ambako ulikuwa ukitumika kwenye matangi. Kipande kidogo kilikuwa kimeanza kukua. Ulisambaa na kufunika maelfu ya hekta za sakafu ya Mediterania. Samaki wa Bahari ya Hindi na Pasifiki wa jamii ya Pterois, wenye miiba ya sumu, walianza kuonekana Florida miaka ya 1980, chanzo kikiaminika ni matangi ya nyumbani, na sasa wanakula samaki wachanga Karibiani nzima.

Samaki anayeuzwa Dar au Nairobi anaweza kuwa ametoka Indonesia au kwenye kituo cha kuzalishia, akiwa amekaa pamoja na wa nchi nyingine na vimelea vyao. Hata akiwa wa Kilifi kwa asili, hajulikani amebeba nini. Anapewa mfugaji mwingine au anarudishwa dukani, ambako wengi humpokea bure. Mwani na mawe vinakaushwa juani mpaka vife kabisa kabla ya kutupwa. Maji ya tangi yanamwagwa chooni, si kwenye mfereji unaokwenda baharini.